Ufunguo wa Tangi la Mama

Jumapili, 12 Januari 2025

Kibwezi. Nimerudi kutoka kanisani, nimevua viatu, miguu imefura. Begi liko tayari. Keshokutwa naenda Nuu kumsaidia mama kuvuna ndengu.

Daktari wa kliniki hakunionea huruma Ijumaa. Alinipandisha kwenye mizani, akaandika, akapiga mstari chini ya namba. Akasema magoti yangu yanalia kwa sababu yamebeba watu wawili. Presha nayo inapanda. Nisipopungua kufikia Machi ananianzishia tembe, na hizo si tembe za wiki moja.

Nikamwuliza kuhusu maji ya ndimu na tangawizi, yale wanawake wenzangu wa sokoni wanatumiana kwa simu. Akacheka. Maji hayayeyushi mafuta, akasema, hata ukamulie gunia zima la ndimu. Lakini ukinywa glasi moja au mbili kabla ya kula, tumbo linatosheka mapema. Na ukinywa maji pale ulipozoea kunywa soda, sukari yote ile haikuingii. Basi, dawa ndiyo hiyo. Mimi na soda ya machungwa tumetoka mbali jamani! Nauza machungwa mchana kutwa halafu nanunua soda yake ya chupa.

Mwau ameniletea chupa ya maji. Kubwa, ya buluu, ina mistari ubavuni: asubuhi ufike hapa, saa sita ufike hapa. Nikamwambia mimi si ng'ombe wa kunyweshwa kwa ratiba. Akasema anataka kuzeeka na mimi, hataki kuzeeka na picha yangu ukutani. Alisema hivyo huku anatafuta soksi chini ya kitanda. Mume wangu mambo mazito huyasema akiwa ameinama. Nampenda sana, hata kama soksi hazioni.


Jumanne, 14 Januari

Nuu. Nimefika jioni, vumbi hadi kwenye kope. Mama alinipokea barabarani na punda ili punda abebe begi. Nilitamani anibebe na mimi.

Huyu ni mamake Mwau, Syombua, lakini sijawahi kumwita lingine ila mama. Binti yetu ana jina lake, kwa hivyo mama akimwulizia husema, "Mimi sijambo huko shuleni?" Anaishi peke yake tangu mumewe, Mzee Mbaluka, alipofariki. Tumemwomba mara ngapi aje Kibwezi, mito iko karibu, mboga tele. Anasema kuku wake hawajui Kiswahili.

Usiku huu amenipikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na kuku. Sahani ya kushibisha mchimba kisima! Nilikunywa glasi zangu mbili kwanza, yeye akinitazama. Nikafika nusu ya sahani, nikashindwa. Alichukua sahani nyingine akafunika iliyobaki. Hapa kwa mama kubakisha chakula ni kama kumjibu vibaya. Nimelala na hatia na tumbo la maji.


Alhamisi, 16 Januari

Mgongo! Tumeng'oa ndengu tangu alfajiri. Tunazirundika kwenye turubai zikauke, halafu tuzipige kwa fimbo.

Maji ndiyo shida. Ya pampu ya kijijini yana chumvi, unakunywa na kiu inabaki pale pale. Matamu ni yale yanayochimbwa mchangani mtoni, na punda akienda asubuhi anarudi jua limekuwa kali. Halafu kuna ya mvua, kwenye tangi jeusi nyuma ya nyumba. Bomba la tangi lina kufuli, na ufunguo uko shingoni mwa mama kwa uzi. Hata mchungaji akija anatekewa, hapewi ufunguo. Ndivyo nyumba nyingi huku zilivyo na hakuna anayekasirika.

Na mimi nimekuja na chupa ya mistari! Leo mchana nilikunywa hadi mstari wa chini kabisa kwa sababu ya jua. Nikainua macho, mama ameshika fimbo hewani, ananitazama. Nikaona aibu. Maji ya watu, nchi ya watu, na mimi namimina tu kooni.

Yeye amekonda, mama. Sketi ameibana kwa pini mbili. Nimemtania kwamba aniuzie siri. Mimi nahangaika na daktari, yeye anapungua bure tu kwa kazi na jua! Akacheka, akaniambia nitie uzi kwenye sindano, macho yake siku hizi yana ukungu.


Ijumaa, 17 Januari

Jagi la maji nililojaza jana na kuliweka karibu na kitanda cha mama — tupu asubuhi. Nadhani amewapa kuku. Nimejaza tena.

Magoti afadhali kidogo. Mungu asifiwe, lakini choo cha shimo bado siwezi kuchuchumaa gizani. Natumia ndoo chumbani na kuimwaga mapema kabla mama hajaamka. Mambo ya kuandika humu tu.


Jumapili, 19 Januari

Kanisani. Mahubiri marefu, maji mengi. Nilitoka nje mara mbili, ya tatu nikajikaza mpaka machozi. Muthoki, jirani wa mama anayeketi kiti cha nyuma yetu, aliniona kila mara.

Baada ya ibada akanishika mkono. Nimekonda, akasema. Nikafurahi, nikasema asante. Akashangaa! Akaniuliza kwa sauti ya chini kama Mwau bado analala nyumbani. Huku mke akipungua watu hutafuta kosa la mume. Nikamwambia Mwau analala nyumbani na anakoroma, nimepungua kwa kunywa maji. Akamtazama mama. Mama akatazama Biblia yake.

Njiani mama alitembea nyuma yangu, macho kwenye miguu yangu. Nikadhani amechoka.


Jumanne, 21 Januari

Sisimizi wamevamia bafu. Wamejipanga kutoka kwenye ukuta wa mabati mpaka pale sakafuni ambapo maji hutuama. Nimemwaga majivu, nikawaona wanapita kando ya majivu na safari yao. Sabuni ya mama ina nini kitamu?

Nilipomwambia, alisimama mlangoni mwa bafu kwa muda mrefu. Kisha akaenda akaketi kwenye gogo la kupasulia kuni, mikono mapajani. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, ni jua tu.

Chai ya jioni haikuwa na sukari. Nikadhani imekwisha, lakini kopo nililiona rafuni, limejaa. Sikuuliza. Daktari wangu angefurahi!


Jumatano, 22 Januari

Sijui niandike vipi jambo la leo. Jioni mama alileta karai la maji ya vuguvugu, akaketi chini kwenye kigoda, akaniambia nitoe viatu. Nikakataa. Mama mkwe hamwoshi mke wa mwanawe miguu, dunia itapinduka! Akashika kisigino changu akakitia majini kama cha mtoto.

Aliosha polepole. Akanikausha katikati ya kila kidole, akainua nyayo zangu kwenye mwanga wa taa ya sola akazikagua, kushoto na kulia. Akauliza kama nahisi anapobonyeza. Nahisi, mama. Na hapa? Hapo pia. Akashusha pumzi.

Nilijua anaonea magoti yangu huruma. Nikamwambia Mungu alinipa mama wawili na huyu wa pili ndiye mkali. Hakucheka.

Halafu akavua uzi shingoni. Ufunguo wa tangi! Akauweka mkononi mwangu akafunga vidole vyangu juu yake. Maji ya chumvi si yangu tena, akasema, ninywe ya mvua kadiri ninavyotaka, yakiisha Mungu atanyesha. Nikamwuliza yeye atakunywa nini. Akasema yeye na maji ya pampu wanajuana.

Nimelia kidogo chumbani. Miaka yote ya ndoa sijawahi kuushika ufunguo huu.


Ijumaa, 24 Januari

Leso inafunga mzunguko na zaidi! Nimecheza peke yangu chumbani.

Mama ananipikia uji wa wimbi usio na kitu na mboga chungu. Kuku hachinjwi tena. Sahani zangu sasa ndogo. Zamani alikuwa anasema nile, sasa ananiuliza kama sijala sana. Nimeanza kumkumbuka mama wa zamani.


Jumapili, 26 Januari

Sasa nimeelewa. Nimecheka, nimelia, sijui nishike lipi.

Mwau alipiga simu baada ya kanisa. Sauti si yake. Akaniuliza kwa nini nimemficha. Kumficha nini? Mama alikuwa amempigia alfajiri akilia. Amemwambia aje anichukue anipeleke hospitali kubwa kabla sijakatwa mguu. Nina ugonjwa wa sukari, mama amesema. Ameona dalili zote.

Nikaketi pale pale kwenye ndengu.

Nakunywa maji hayaishi. Naenda haja kila saa. Nimekonda. Sisimizi bafuni. Kwa Mzee Mbaluka ilianza hivyo hivyo — Mwau amenisimulia leo mambo ambayo hakuwahi kunisimulia. Babake alikunywa maji mpaka mitungi ikawa haitoshi, akakonda, kila mtu akasema ni jua na kazi. Sisimizi walimfuata alipokojoa, wakitafuta sukari. Kidonda cha kidole ndicho kiliwapeleka hospitali, na wakati huo kilikuwa kimefika mbali. Mama ndiye alimwosha miguu kila jioni mpaka ukabaki mmoja, akawa anaosha huo mmoja.

Na mimi nilidhani anaonea magoti yangu huruma!

Nilimfuata jikoni nikamweleza yote: daktari, mizani, glasi kabla ya chakula, soda niliyoacha. Nikamwonyesha chupa. Alikuwa akidhani ile mistari ni kipimo cha dawa. Akasikiliza, akakoroga sufuria. Akaniuliza kama ni kweli mtu mwenye chakula anaweza kwenda kwa daktari kuomba akonde. Nikasema ndiyo, mama, Kibwezi tuko wengi. Akatikisa kichwa. Hilo hakulikubali kabisa.

"Hata Mbaluka alisema ni jua," akasema. "Mimi nikamwamini."

Nikamwambia basi Jumanne twende dispensari wanitoboe kidole, aone kwa macho yake. Akakubali haraka, kabla sijamaliza.

Mwau anasema nisimkasirikie. Nimkasirikie vipi? Hakuna mtu amewahi kuniogopea hivi.


Jumatatu, 27 Januari

Naandika haraka kabla taa ya sola haijazima.

Leo jioni nilisema zamu yangu. Nikateka maji ya tangi, nikapasha moto, nikamkalisha mama kwenye kigoda kwa nguvu. Alicheka kama msichana, akasema watu wakipita watasema nini. Wapite!

Miguu yake myembamba. Niliosha wa kulia. Niliposhika wa kushoto nikaona unyayoni, chini ya kidole kikubwa, mwiba wa mgunga umeingia wote, umebaki kichwa cheusi tu. Pembeni nyama imekuwa nyeupe na inatoa maji. Si mwiba wa leo wala wa jana.

Nikamwuliza unamwuma tangu lini. Akainama kutazama. Akauliza, mwiba gani?

Nikambonyeza kando yake, taratibu, kama alivyonifanyia. Unahisi? Akasema nabonyeza wapi.

Nimeutoa kwa sindano ile ile niliyomtilia uzi. Hakushtuka hata kidogo. Nikaosha kwa maji yenye chumvi ya jikoni nikafunga na kitambaa safi. Yeye akaendelea kuongea kuhusu kesho, kwamba nivae sweta dispensari kuna upepo, na wakinitoboa nisitazame.

Sasa niko chumbani na mawazo yananijia moja moja. Jagi linaloamka tupu — kuku hawanywi kwenye jagi. Pini mbili za sketi, leo zilikuwa tatu. Macho yenye ukungu. Na mimi natumia ndoo chumbani, naimwaga chooni. Bafuni naoga tu, nimeketi kwenye kiti. Sijakojoa pale hata siku moja, na sisimizi wamejaa.

Nilikuwa najipima mimi tu. Kila siku nikivuta leso yangu kuona imelegea kiasi gani, na mbele yangu mama anaisha.

Sijamwambia. Nitamwambia nini, na yeye analala akiniombea mimi? Namsikia hata sasa kupitia ukutani, anataja jina langu.


Jumanne, 28 Januari

Dispensari. Naandika kwenye benchi nje, kalamu ya kuazima, daftari juu ya goti. Lazima niandike, la sivyo nitaingia pale ndani na kuwavuruga.

Tulitoka mapema bila kula, yeye akiwa kwenye punda kwa sababu ya mguu. Alipinga njia nzima, eti mgonjwa ndiye hupanda punda. Mimi nikitembea na magoti yangu haya, chupa ya buluu begani. Watu walitusalimia wakicheka.

Muuguzi ni Fahima, msichana wa Mwingi mwenye sauti ya upole, kwao walitoka Pwani zamani za babu yake. Alituita pamoja. Akanisafisha kidole, akatoboa. Mama alikuwa amenishika mkono mwingine kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Aliniambia nisitazame, na yeye hakutazama. Kile kimashine kikatulia kabla ya kutoa namba.

Fahima akasema sukari yangu iko sawa kabisa. Akanipima na presha, akasema imeshuka kuliko ilivyoandikwa kwenye kadi yangu, niendelee na maji yangu na nisirudie soda.

Mama alimwuliza tena. Sawa vipi? Akaeleza tena, kwa Kikamba chake cha mjini. Mama akaniachilia mkono. Akafuta uso kwa ncha ya leso, pande zote mbili, bila haraka.

"Asante Mungu," akasema. "Basi ni mimi."

Alisema hivyo kwa utulivu, karibu kwa furaha. Nikamwuliza alijua? Akanitazama kama mtu anayeeleza jambo la wazi.

"Nilipoona wale sisimizi nilijua ni wa mmoja wetu. Nikaomba usiwe wewe, una watoto."

Ndiyo maana alinipa ufunguo. Yeye akanywa ya pampu, akijua huenda mgonjwa ni yeye, na akaniachia mimi ya mvua! Nilitaka kumgombeza. Mwanamke mkaidi huyu, nampenda mpaka nataka kumgombeza mbele ya wagonjwa wote.

Fahima akatayarisha sindano nyingine. Mama akainua mkono, ngoja kwanza. Akaniomba chupa. Nikampa. Ilikuwa imejaa, maji ya tangi, niliyateka alfajiri. Akakunywa. Sikuwahi kuona mtu akinywa hivyo. Ikapita mstari wa asubuhi, wa saa sita, wa jioni, hakupumzika hata mara moja, mpaka plastiki ikabonyea. Fahima akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Kisha mama akanirudishia chupa, akakohoa, akasema maji haya ni matamu kweli, alikuwa amesahau.

Akanyoosha kidole. Akaniambia nimngoje nje, nikatazame punda asile maua ya serikali.

Kwa hivyo niko nje. Punda ameshakula maua. Mlango umefungwa. Nasikia sauti ya Fahima, halafu kama anafungua kile kitambaa cha mguu. Mwau amepiga simu, sijashika. Nimwambie nini kabla mlango haujafunguliwa? Nilipanga kurudi Kibwezi Jumamosi. Ndengu bado hazijapigwa zote. Ufunguo uko shingoni mwangu, nimekuwa nikiushika tangu nikae hapa na umepata joto.

Mlango umefunguliwa. Fahima amesimama pale, uso wake siwezi kuusoma. Hajataja namba. Anauliza tu kama mama ana mtu wa kukaa naye nyumbani.

Nimemwambia yuko na mimi.